Paipu Zimeganda, Mume Yuko Zamu!

Huku kwetu Madungu mtoto wa kike akikaribia kuolewa hupewa somo, na somo humfundisha mengi: kufukiza udi, kupika, kumnyamazia mume akirudi na hasira zake za kazini. Sijasikia somo yeyote hapa Chake Chake aliyemfundisha mwari namna ya kuyeyusha paipu ya maji iliyoganda barafu. Na atalijulia wapi? Kipupwe chetu kikikaza sana ni nyuzi ishirini na kitu, tunajifunika shuka mbili na kulalamika mpaka asubuhi.

Ila siku hizi wari wetu wanaolewa mbali. Mdogo wangu aliolewa Fort Worth, Texas, na nyumba yao ya kwanza ilikuwa ya kiwandani, ile inayoletwa kwa lori juu ya chasisi ya chuma na kuwekwa kwenye matofali. Usiidharau, ina vyumba vitatu na bafu mbili, na bei yake ndiyo inayowawezesha wengi wanaoanza maisha ugenini. Tatizo lake liko uvunguni. Chini ya sakafu pana nafasi tupu, na humo ndimo zinamopita paipu za maji. Kuzunguka uvungu huwekwa ukuta mwembamba wa plastiki au bati, ambao wenyewe wanauita sketi. Sketi ikichanika, upepo unaingia moja kwa moja.

Texas ni nchi ya joto, ndiyo maana wengi hawakujiandaa Februari 2021. Usiku wa kuamkia tarehe 15 umeme ulianza kukatwa, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikakaa gizani. Tarehe 16, uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri. Serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246, vingi kwa sababu ya baridi.

Simu ya mdogo wangu iliingia saa kumi na mbili asubuhi, kwao saa tatu usiku. “Shikamoo dada. Maji hayatoki, umeme hakuna, na baba watoto yuko zamu, barabara zote barafu.” Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kuwa ameingiza ndani jiko la mkaa la kuchomea nyama ili watoto wapate joto.

Jamani! Nikamwambia alitoe sasa hivi na afungue mlango. Mkaa ukiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Unasikia kichwa kinauma, unalala, huamki. Wiki ile mamia ya watu Texas walikimbizwa hospitali kwa sababu hiyo, wengine kwa jenereta, wengine kwa gari lililowashwa ndani ya gereji. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa hatuliogopi, kwa sababu majiko yetu hukaa uani, kwenye upepo.

Kwa nini paipu inapasuka?

Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa kiasi cha asilimia 9. Lakini mara nyingi paipu haipasuki pale penye barafu. Barafu ikikua inayasukuma maji yaliyobanwa kati yake na mfereji uliofungwa, presha inapanda, na paipu inaachia mahali dhaifu, pengine kwenye kiungo cha bafuni. Ndiyo maana wenyeji huacha mfereji ukidondosha maji usiku wa baridi kali. Anayekuambia unapoteza maji, muulize fundi wa kubadilisha paipu anachaji bei gani.

Kinga yenyewe hufanywa kabla ya baridi. Ziba sketi ilipochanika, visha paipu sponji yake, fungua milango ya kabati za chini ya sinki ili joto la ndani lifike. Upo pia waya wa umeme wa kupasha paipu joto. Nunua uliothibitishwa usalama wake, ufungwe kama maelezo yanavyosema, na ukichakaa uubadilishe, maana wa zamani umeshachoma nyumba. Umeme ukikatika waya huo ni kamba tu, kwa hiyo mfereji bado uuache udondoshe.

Ikishaganda

Shemeji alifika nyumbani asubuhi yao, akaingia uvunguni kwa tumbo na tochi mdomoni. Paipu ilikuwa imeganda pale inapotoka ardhini, nyuma ya sketi iliyopasuka. Mdogo wangu akafungua mfereji wa jikoni, akachemsha maji kwenye jiko la gesi, akawa anampitishia taulo za moto. Unaanza upande wa mfereji ukienda kwenye barafu, ili kinachoyeyuka kipate pa kutokea. Umeme ungekuwepo, mashine ya kukaushia nywele ingetosha. Moto wa wazi, hapana kabisa, chini ya sakafu pana mbao na magodoro ya kuzuia baridi.

Baada ya saa moja mfereji ukakohoa, maji yakatoka. Dakika mbili baadaye kiungo cha bafuni kikaanza kurusha maji ukutani. “Koki kuu iko wapi?” mdogo wangu akapiga kelele. Mwaka wa tatu wa ndoa, hajui koki kuu iko wapi! Shemeji alikuwa akiijua peke yake, na yeye ndiye anayelala kazini siku nne kwa wiki.

Waligombana, nami sikuwalaumu. Shemeji aliona anamwondolea mkewe kazi chafu. Mke aliona ameachiwa nyumba asiyoifahamu. Mimi namuunga mkono mke, na si kwa undugu: anayebaki nyumbani usiku ndiye anayepaswa kujua maji yanafungwa wapi na umeme unazimwa wapi.

Siku hizi kila Novemba wanaingia uvunguni wote wawili, mmoja na tochi, mmoja na sponji. Kwenye ukuta wamefunga king’ora cha kaboni monoksaidi cha betri. Koki kuu mdogo wangu ameipaka rangi nyekundu, ile ile aliyopaka kucha.