Mgonjwa wa Sukari na Watu Wanne

Asubuhi ya leo twatazama habari ya yule mwenye kupooza katika Injili ya Marko, sura ya pili. Mnaikumbuka. Watu wanne walimbeba mpaka Kapernaumu, wakakuta mlango umezibwa na watu, wakapanda juu, wakaitoboa dari, wakamshusha. Marko hakutuandikia majina yao, wala hakutuambia ni nani aliyeitengeneza dari ile baadaye. Nadhani mwenye nyumba aliuliza. Nataka kusema juu ya ugonjwa mmoja ambao mgonjwa wake wa kijijini hamfikii tabibu pasipo watu wa namna hiyo. Nao ni ugonjwa wa sukari.

Kwanza yatupasa kuuelewa. Chakula tulacho, kiwe ugali, viazi au ndizi, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa kitu kiitwacho insulini. Insulini ni kama ufunguo. Ndiyo iifungulia sukari mlango, itoke katika damu, iingie mwilini na kutupa nguvu. Ufunguo ukikosekana, mtu hufa njaa na ghala yake imejaa.

Ziko aina mbili kubwa. Aina ya pili huwapata hasa watu wazima. Insulini ipo, lakini mwili hauitii vema. Mtu huyo aweza kusaidiwa miaka mingi kwa vidonge, chakula cha kiasi na kazi ya mwili. Aina ya kwanza huwashika zaidi watoto na vijana, na kwao kongosho imeacha kutoa insulini. Mama asilaumiwe kwamba alimpa mwanawe chai yenye sukari nyingi. Sababu si hiyo. Mtoto huyu hana njia nyingine ila sindano, kila siku, maisha yake yote.

Na hapo ndipo msiba wetu ulipo. Mtoto anakunywa maji bila kutosheka, anakojoa usiku kucha, anakonda, kisha anatapika na kuhema kwa nguvu. Watu husema ni malaria, ni homa ya matumbo, au kuna jirani aliyemtazama kwa jicho baya. Anazikwa, na hakuna ajuaye alikufa kwa nini. Tone moja la damu ya kidoleni lingetosha kuonyesha. Lakini utafiti wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima 80 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa hawajapimwa sukari ya damu hata mara moja.

Zamani hali ilikuwa hivyo hata katika nchi tajiri. Mwezi wa Januari 1922, huko Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa kitandani, amebaki mifupa. Akadungwa insulini iliyotengenezwa na Frederick Banting na wenzake. Sindano ya kwanza haikumfaa, kwa maana dawa haikuwa safi. Wakaisafisha, wakamdunga tena siku chache baadaye, naye akainuka, akaishi miaka 13 zaidi. Kisha wagunduzi hao wakaiachia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya dawa hiyo kwa dola 1 tu, ili pasiwe na mtu wa kuifanya mali yake peke yake. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na wako watoto wetu ambao bado hawajaiona.

Lakini wako pia wanaobeba. Hospitali za makanisa ya Kiprotestanti hapa Kenya zimeshirikiana tangu mwaka 1946 katika chama tukijuacho leo kwa jina la CHAK. Mwaka 1986 chama hicho pamoja na maaskofu wa Kanisa Katoliki waliunda bohari ya dawa iitwayo MEDS, ili hata zahanati ya mbali ipate dawa nzuri kwa bei nafuu. Kwa njia hiyo, kuanzia mwaka 2012, ulikuwapo mpango pamoja na watengenezaji wa insulini kwamba chupa moja isiuzwe kwa zaidi ya shilingi 500 katika hospitali za makanisa. Uko pia mpango ulioanza mwaka 2009 wa kuwapa watoto insulini bure katika nchi kadhaa, na Kenya imo.

Sasa niseme jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Tunapenda sana siku ya kupima watu bure. Hema linasimamishwa uwanjani, wageni wanavaa fulana, picha zinapigwa. Mama anaambiwa sukari yake imepanda, naye anarudi nyumbani na karatasi mkononi. Mwezi ujao ni nani atakayempa vidonge? Afadhali muuguzi mmoja mwenye mashini ya kupimia, ajaye kila mwezi hata kama mvua inanyesha, kuliko hema kumi za siku moja.

Tena, yatupasa tuseme wazi na wale wanaoombea wagonjwa. Waombee, lakini usimwambie mtu atupe sindano. Mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini aweza kufa kabla Jumapili nyingine haijafika. Vivyo hivyo, adungwaye insulini asifunge kula bila shauri la daktari, maana sukari ikishuka mno ataanguka na kuzimia.

Wengine wameniuliza: nyumbani hatuna friji, dawa itakaaje? Chupa ambazo hazijafunguliwa zatakiwa kuwekwa penye baridi, lakini zisigande. Iliyoganda haifai tena. Hata hivyo utafiti uliofuata hali ya joto katika kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini ilidumisha nguvu yake kwa wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Basi chukua chungu kidogo, ukiweke ndani ya kikubwa, katikati ujaze mchanga, uumwagie maji kila siku. Tia chupa katika kifuko kisichopitisha maji, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Mwulize muuguzi wako kabla ya kuanza.

Chupa moja ina yuniti 1,000. Kijana adungwaye yuniti 30 kwa siku, yamtosha mwezi. Kwa bei ile ya shilingi 500, nyumba kumi zikitoa shilingi 50 kila moja, chupa imepatikana. Bado sindano, vipande vya kupimia na nauli ya matatu. Akina mama wa kanisa, hesabu za namna hii mwazijua kuliko mimi.