Mama, Umeandika Wosia?

Akina mama tunajua kupanga. Unga wa mwezi tunaununua mapema, na sare za shule tunaziandaa kabla ya Januari. Lakini likitajwa neno wosia, nyumba nzima hunyamaza. Mmoja atasema ni kujichulia kifo, mwingine atasema hayo ni mambo ya matajiri, tena ya wanaume.

Tuanze na hiyo hofu. Tunasoma katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, kwamba Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya alimpelekea agizo la kupanga mambo ya nyumba yake. Hezekia alimwomba Mungu, akaongezewa miaka 15. Kupanga nyumba hakuiti mauti.

Mimi ni muuguzi. Wodini nimewaona wagonjwa wakijaribu kugawa mali katikati ya homa kali, sauti haitoki, na ndugu waliozunguka kitanda kila mmoja anasikia lake. Huo si wakati wa wosia. Wosia hufanywa na mtu mwenye akili timamu, kwa hiari yake, akiwa bado ana nguvu za kufikiri.

BILA WOSIA NANI ATAAMUA?

Sheria ya Mila iliyotangazwa Tanzania mwaka 1963 iliweka kanuni kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Yeye atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili wenye watoto wadogo walitolewa katika nyumba walizoishi na waume zao. Walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kuwa kanuni hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Ilikuwa mwaka 2015 ndipo kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutetea haki za wanawake ilipoamua kwamba wametendewa isivyo haki. Watoto hukua, hawangoji kesi ziishe.

Kwa hiyo, dada yangu, zungumza na baba watoto kwa upole, siku mkiwa na amani. Mwombe aandike wosia wake, nawe uandike wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali yake na kuitoa. Shamba ulilonunua, cherehani, ng'ombe na akiba yako ya chama ni vyako kuviandikia. Cha mwenzako usikiandike.

NAMNA YA KUANDIKA

Andika kwa wino, weka tarehe, taja kila mali na mahali ilipo, taja na madeni. Taja mlezi wa watoto walio wadogo, na mtu mwaminifu wa kusimamia mirathi. Kwanza muulize kama yuko tayari. Kwa utaratibu wa mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja ndugu wa ukoo na mwingine asiye ndugu. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Usimchukue kuwa shahidi mtu unayempa kitu. Wote watie sahihi mbele yako.

Usiufiche chini ya godoro. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, husaidia kuandika wosia na kuutunza. Akizaliwa mtoto au ukiuza shamba, urekebishe.

FUNGU LA SADAKA

Wengi wetu tungependa kuacha kitu kwa ajili ya yatima, zahanati au kazi ya Mungu. Ni jambo jema, ila watoto na mwenzako watangulie. Sadaka inayomwacha mtoto bila ada ya shule haimpendezi Mungu.

Usiandike tu “kwa kanisa”. Ni usharika, dayosisi au kituo cha yatima? Makanisa mengi humiliki mali kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Uliza jina hilo kamili, uliandike kama lilivyo. Usiandike jina la mchungaji au la katibu, maana watu huhamishwa nao hufa. Kiasi cha fedha kilichotajwa leo huweza kuwa kidogo mno baada ya miaka 20. Ni afadhali kuandika sehemu, kwa mfano sehemu ya kumi ya kitakachobaki baada ya mazishi na madeni. Kisha waambie watoto wako sasa, ili siku hiyo wasidhani mama alidanganywa, wakaingia mahakamani kugombana na kanisa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jioni ya leo watoto wakishalala, chukua daftari, uorodheshe ulicho nacho na unachodaiwa. Kesho mwonyeshe mwenzako. Wosia wenu utaanzia hapo.