Unaishi Mjini, Shamba Liko Mkuranga? Anza na Ndoo ya Taka za Jikoni



Vijana wengi ninaowahudumia siku hizi ni wale tunaowaita wakulima wa simu. Unalala Tabata au Mbagala, shamba liko Mkuranga, unaenda wikendi. Kule shambani unatunza udongo vizuri. Lakini huku mjini kila asubuhi maganda ya ndizi, mabaki ya mchicha na ugali uliolala unavifunga kwenye mfuko, unampa mzoa taka. Leo tuongelee huo mfuko.

Kwa Dar es Salaam, dampo kuu liko Pugu Kinyamwezi. Lori linachoma dizeli kufika huko, kisha taka zinarundikwa juu ya nyingine mpaka chini hewa haipiti. Taka za chakula zikioza bila hewa hutoa gesi ya methani. Kwa kipindi cha miaka 100, gesi hiyo hupasha joto dunia takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Taka hizohizo zikioza zikiwa na hewa, methani inakuwa kidogo sana na wewe unabaki na mboji.

Sasa angalia hesabu yako: unalipa taka ziondoke, halafu unalipa tena kununua mbolea ya kitaluni. Hasara mara mbili!

Kwenye nyumba ya kupanga, fanya hivi:

1. Tafuta ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Toboa matundu chini na ubavuni, weka beseni la kukinga maji.
2. Tandika majani makavu chini ya ndoo.
3. Kila ukiweka kipimo kimoja cha taka mbichi, funika na vipimo viwili vya vitu vikavu: majani, maranda au maboksi yaliyochanwachanwa.
4. Geuza kila wiki. Chukua konzi moja uikamue. Yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Maji yakichuruzika, ongeza vitu vikavu.
5. Ndoo ikijaa, iache ikae kama miezi 3, ukiendelea kugeuza. Wakati huo unajaza ya pili.

Usiweke nyama, samaki wala mafuta, utaita panya. Nyanya au pilipili zenye ugonjwa pia usiweke, maana ndoo haipati joto la kutosha kuua vimelea.

Usiharakishe

Hapa mimi mwenyewe nilishaumia. Kuna msimu nilichanganya mboji ya wiki tano tu kwenye kitalu cha nyanya. Miche ikageuka njano, mingi ikafa, nikachelewa soko. Mboji changa bado inaoza, na vijidudu vinavyoiozesha hugombania naitrojeni na mche wako. Siku hizi napima kwanza: najaza mboji na udongo kwenye kopo, napanda mbegu za mchicha. Zikiota ndani ya wiki moja na majani yakabaki ya kijani, imeiva. Zikisuasua, nasubiri.

Je, inatosha shamba zima?

Hapana, tusidanganyane. Eka moja inahitaji tani za mboji, na ndoo mbili haziwezi. Ila kwa kitalu zinasaidia sana: changanya kipimo kimoja cha mboji na viwili vya udongo. Kiroba chako kinapanda gari lilelile unalopanda wikendi, kwa hiyo huongezi safari. Ukitaka nyingi zaidi, tengeneza rundo shambani kwa mabaki ya mazao na samadi, lisipungue mita 1 kila upande ili lipate joto. Choma fimbo katikati. Ukiichomoa baada ya siku chache iwe ya moto, rundo linafanya kazi.

La mwisho: mboji ni nzuri, lakini kutotupa chakula ni bora zaidi. Wewe unajua kilo moja ya nyanya imekula maji, mafuta ya pampu na jasho kiasi gani. Nunua na kupika kinachotosha. Kinachobaki, maganda na mashina, ndicho cha ndoo.

Jioni ya leo, kabla hujafunga mfuko, tenga maganda pembeni. Kitalu chako cha msimu ujao kinaanzia hapo.