Neno "Ghamu" na Matumizi Yake

Asomaye tenzi na mashairi ya pwani hukutana na neno "ghamu," na walimu wengi wa bara hulipita upesi, wakiwaambia watoto kwamba maana yake ni huzuni, basi. Maana hiyo si ya uongo, lakini haitoshi.

Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni kufunika. Mawingu nayo, katika lugha hiyo, yana jina lililotoka katika shina hilo hilo. Basi ghamu ni huzuni iliyoufunika moyo kama wingu lifunikavyo jua: mwenye nayo haoni mbele. Wanavyuoni wa Kiarabu hupambanua maneno matatu: "huzn" kwa jambo lililokwisha pita, "hamm" kwa jambo lijalo ambalo mtu analihangaikia, na "ghamm" kwa jambo lililomkalia sasa hivi. Kiswahili kiliyachukua yote matatu, lakini hayakukaa kama yalivyokuwa. Huzuni ilienea kwa kila sikitiko. Hamu ikageuka kuwa shauku, ingawa katika mashairi ya zamani yaweza kuwa na maana ya wasiwasi na majonzi. Ghamu ilibaki na uzito wake, lakini haikutoka sana nje ya mashairi.

Hapa ndipo penye hatari. Watu wengi wa bara hawana sauti ya "gh" katika lugha zao, na neno hili midomoni mwao huwa "gamu," au hata "hamu." Tufikiri salamu za rambirambi zilizoandikwa, "Tumeshikwa na ghamu kwa kifo cha baba yenu," zikisomwa mbele ya wafiwa na kijana asiyelijua neno lile. Akitamka "tumeshikwa na hamu," wenye msiba watasikia kwamba mwandishi alikitamani kifo kile!

Kwa hiyo twaona ni afadhali mwandishi amfikirie atakayesoma na atakayesikiliza. Katika shairi ghamu ina mahali pake, na hatuoni neno lingine la kushika kazi yake. Lakini katika barua ya kumpa pole mama mzee wa shamba, yafaa kuandika "huzuni" au "majonzi," naye ataelewa bila kufasiriwa. Tena wako wanaochanganya ghamu na msiba. Msiba ni tukio lenyewe, si hali ya moyo. Mtu hupatwa na msiba, kisha huingiwa na ghamu.