Saa Moja Jioni: Habari Gani Hutangulia? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia redio. Leo tunaingia kwenye televisheni ya Kenya, na katika historia yake ndefu nitafuata jambo moja tu: habari ya kwanza. Ukitaka kuijua serikali, tazama habari gani inatangulizwa jioni, kisha uulize ni nani aliyeamua itangulie.

Matangazo ya televisheni yalianza mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, mtambo ukiwa Limuru. Picha zilifika Nairobi na viunga vyake, basi. Mombasa ilisubiri kituo chake hadi 1970. Lakini uamuzi uliozaa taarifa ya habari tuliyokua nayo ulifanywa Julai 1964, pale serikali ya Mzee Kenyatta ilipolivunja shirika la utangazaji lililoachwa na wakoloni na kuanzisha Sauti ya Kenya, VOK, chini ya wizara iliyoongozwa na Achieng Oneko. Hoja iliyotolewa ilikuwa na uzito: taifa changa lisingeweza kuacha sauti yake mikononi mwa makampuni ya ng'ambo. Hata hivyo, tangu siku ile mhariri wa habari akawa mtumishi wa wizara, na mtumishi wa wizara huweza kuhamishwa kwa barua moja.

Ratiba ikatulia: Kiswahili saa moja, Kiingereza saa tatu usiku. Saa moja ilichaguliwa vizuri. Katika nchi iliyopitiwa na Ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kwa hiyo taarifa huanza giza linapoingia, mifugo imeshafungiwa, na Waislamu wa Pwani wametoka tu kuswali Magharibi. Vijijini kusiko na umeme, seti ya rangi nyeusi na nyeupe iliendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa, na moto wake ulihifadhiwa kwa ajili ya nusu saa hiyo. Majirani walijaa sebuleni. Taarifa ya saa moja ilikuwa baraza la nchi nzima, na ndiyo maana aliyeishika alikuwa na nguvu kubwa.

Nguvu hiyo ilionekana waziwazi enzi ya Daniel arap Moi. Taarifa ilifunguliwa na Mtukufu Rais: amehudhuria ibada, amepokea wajumbe Ikulu, amezindua mradi wa maji. Mafuriko, mgomo, hata vifo vya watu wengi vilingoja zamu yao. Alfajiri ya Agosti 1, 1982, askari wa Jeshi la Anga waliotaka kuipindua serikali walikimbilia Broadcasting House, makao ya VOK, na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza redioni kuwa wameshika nchi. Walijua, kama serikali ilivyojua, kwamba anayetangulia kusikika huonekana ndiye mwenye dola.

Siwalaumu wasomaji wa habari wa miaka hiyo. Walisoma kwa Kiswahili safi walichoandikiwa na wengine, na wengi walijifunzia lugha sanifu vinywani mwao. Lawama ni ya mfumo. Mwaka 1989 VOK iligeuzwa tena kuwa shirika, KBC, lakini mpangilio wa habari haukubadilika. KTN ilipoanza mwaka 1990 watazamaji walipata mahali pa pili pa kugeukia, ingawa kampuni iliyoianzisha nayo ilikuwa na mizizi ndani ya chama tawala, KANU.

Usiku ambao haupaswi kusahaulika ni wa Desemba 30, 2007. Baada ya ghasia katika ukumbi wa KICC, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alitangaza ushindi wa Rais Mwai Kibaki mbele ya kamera za KBC peke yake. Jioni ileile Kibaki akaapishwa Ikulu, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Wananchi walioona habari kubwa kuliko zote ikipitia tundu moja tu walikosa sababu ya kuiamini, na nchi ikawaka.

Katiba ya 2010 ilijibu hilo kwa maneno mazito. Ibara ya 34 inavitaka vyombo vya utangazaji vya serikali viamue vyenyewe yaliyomo katika habari zao, visipendelee upande wowote, na viwape nafasi wenye maoni tofauti. Hata hivyo, Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizizima NTV, KTN na Citizen kwa siku kadhaa, hata baada ya Mahakama Kuu kuagiza zirudishwe hewani. Familia zilizozoea Nipashe ya Citizen au Mbiu ya KTN zilibaki na giza kwenye stesheni hizo saa moja ilipofika.

Juma lijalo nitaeleza kuhusu wasomaji wa habari wenyewe, hasa waliotoka Pwani, na Kiswahili walichokileta studio.