Shamba Kwanza, Mteja Baadaye: Kurekebisha Programu ya Wateja kwa Biashara ya Butali

Programu nyingi za kusimamia uhusiano na wateja, zile zinazofahamika kwa herufi CRM, zimetungwa kwa ajili ya muuzaji wa ofisini. Anampigia mtu simu, wanapatana bei, mauzo yanakamilika ndani ya miezi mitatu, kisha anatafutwa mtu mwingine. Ukiifungua programu ya aina hiyo pale Butali, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, na kuitumia ilivyo, haitachukua muda utaiacha na kurudi kwenye daftari. Miwa inayopandwa huku hukaa shambani miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na baada ya hapo kuna maotea, yaani miwa inayochipuka tena baada ya kukatwa. Mteja wa agroveti au wa mwenye trekta hafungi mauzo. Anaingia kwenye mzunguko wa miaka kadhaa, na ni mzunguko huo unaopaswa kuonekana kwenye programu.

Jambo hili lina uzito wake hapa. Kiwanda cha Butali Sugar Mills kilianza kusaga miwa mwaka 2011, si mbali na kile cha West Kenya cha Kabras, na kampuni hizo mbili zimevutana mahakamani kwa miaka mingi. Viwanda viwili vikigombea miwa ya eneo moja, mkulima ana mahali pa kwenda asipohudumiwa vizuri. Wanaomuuzia mbolea, dawa ya magugu na huduma ya kulima wanaishi katika hali hiyohiyo.

Kwa hiyo marekebisho ya kwanza ni kuunda rekodi ya shamba iliyo kando na rekodi ya mtu. Mkulima mmoja anaweza kuwa na ekari 2 za maotea Chegulo na ekari 1 ya miwa michanga Shirugu. Ukiyaweka yote chini ya jina lake, utamtumia ujumbe wa mbolea wakati shamba analolifikiria linasubiri kukatwa. Rekodi ya shamba inahitaji vitu vichache tu: wadi, ukubwa kwa ekari, tarehe ya kupanda au ya kukatwa mwisho, na kama ni zao la kwanza au maotea. Wadi isiandikwe kwa mkono. Eneo bunge la Malava lina wadi 7, basi weka orodha ya kuchagua, la sivyo karani mmoja ataandika Shirugu na mwingine Shirungu, na ripoti yako itahesabu wadi mbili.

Programu huru inayoifanya kazi hii bila ada ya leseni ni SuiteCRM, iliyotokana na toleo la wazi la SugarCRM mwaka 2013 mikononi mwa kampuni ya SalesAgility ya Scotland. Ndani yake kuna Module Builder, ambayo ndiyo itakayokutengenezea rekodi ya shamba, na Studio, inayokuruhusu kuongeza nafasi za kujaza, kubadili majina yake na kupanga upya ukurasa bila kuandika msimbo. ERPNext ya Frappe, kampuni ya India, nayo inaruhusu marekebisho kama hayo, na inafaa zaidi kwa anayetaka hesabu za stoo na za fedha ziwe mahali pamoja. Ukichagua SuiteCRM, mwonye fundi wako asiguse mafaili ya asili ya programu. Marekebisho yote yakae kwenye folda iitwayo custom, kwa sababu yaliyo nje ya hapo yanaweza kufutika siku ya kusasisha.

Kabla ya kuongeza lolote, ficha. Nafasi za faksi, tovuti ya kampuni na anwani ya pili ya posta humchosha karani, na karani aliyechoka hujaza uongo. Ukurasa unaotosha kwenye skrini ya simu bila kusogezwa ndio utakaojazwa kikweli.

Halafu kuna tarehe. Kutokana na tarehe ya kupanda, sehemu ya Workflow ya SuiteCRM inaweza kukukumbusha zao linapofika umri wa kuwekewa mbolea ya kukuzia, linapohitaji palizi, na linapokaribia kukatwa. Watu wengi hulalamika kwamba vikumbusho hivyo haviji. Chanzo cha kawaida ni kwamba kazi za ratiba za seva hazikuwashwa wakati wa kusakinisha; fundi aziangalie kabla hajalipwa.

Nambari za simu zinahitaji uangalifu wa pekee. Ukizipitisha kwenye Excel bila kuiambia safu hiyo ni maandishi, sufuri ya mbele hupotea. Chagua mtindo mmoja, kuanzia 254, na uulazimishe. Kumbuka pia nambari za Kenya siku hizi huanza kwa 07 na kwa 01. Wala usiifanye simu kuwa kitambulisho cha mteja, maana mke na mume hutumia simu moja na laini hubadilishwa. Mpe kila mteja nambari yake fupi. Ukiwa na Paybill ya M-PESA, mteja aiandike nambari hiyo fupi kama nambari ya akaunti anapolipa. Taarifa za malipo ambazo Safaricom huzituma kwenye mifumo ya biashara huficha simu ya mlipaji, kwa hiyo bila nambari ya akaunti utakuwa unakisia nani amelipa.

Kuhusu ujumbe mfupi, SMS moja hubeba herufi 160. Ukinakili maandishi kutoka Word, alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe huja ikiwa imepinda, na alama hiyo moja inatosha kushusha kiwango hadi herufi 70. Utalipia jumbe mbili au tatu kwa kila mkulima. Andika alama iliyonyooka.

Kwa maofisa wa shambani, KoboToolbox hukusanya taarifa na mahali shamba lilipo hata pasipo mtandao, kisha huzituma simu ikipata intaneti. Lakini ada zake zikague kwanza, kwani huduma ya bure imelengwa hasa kwa mashirika yasiyo ya faida.

Taarifa hizi zote ni mali ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayezikusanya aseme anazitakia nini, na inampa mteja haki ya kukataa kutumiwa matangazo. Ongeza basi nafasi mbili: tarehe ya ridhaa, na alama ya asiyetaka ujumbe. Usikusanye nambari ya kitambulisho cha taifa kama huna kazi nayo.

Unapokwenda kununua, usiridhike na maonyesho ya muuzaji yenye majina ya mfano. Mpe rekodi chache za wakulima wako, majina yakiwa yamebadilishwa, mmoja wao akiwa na mashamba mawili ya umri tofauti. Mwambie akuonyeshe, mbele yako, lipi linakatwa lini na nani anadaiwa. Akishindwa, usilipe.