Hewa ya Mbulu Haina Mshahara

John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho, akichechemea, goti limefungwa bandeji. Miaka kumi baadaye Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, akaongeza ya mita 10,000 huko Brisbane mwaka 1982. Tangu hapo sifa za wilaya hizi zimekuwa sifa za miguu ya wanaume, na sababu inayotajwa ni ile ile: mwinuko. Mwili uliolelewa penye oksijeni kidogo hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Sibishi. Ila msichana wa wilaya hizi, awe wa Dongobesh au wa Katesh, anavuta hewa hiyo hiyo na kupanda vilima hivyo hivyo, tena mara nyingi ana ndoo kichwani. Mwinuko ungekuwa ndio siri yote, tungekuwa na akina Shahanga wa kike wa kutosha.

Sehemu ya jibu imo katika ratiba za michezo yenyewe. Shahanga aliposhinda Edmonton, wanawake hawakuwa na marathoni katika michezo ile. Waliipata mwaka 1986. Olimpiki iliwaruhusu mwaka 1984, na mita 10,000 mwaka 1988. Lakini milango hiyo imekuwa wazi kwa takriban miaka 40 sasa, hivyo haiwezi kubeba lawama yote. Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni nani anayegharamia miaka iliyopo kati ya shule na ukomavu. Mbio ndefu huchelewa kuiva. Mtanzania Magdalena Shauri, aliyezaliwa 1996, alikuwa na miaka 27 aliposhika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, na alikuwa na 29 alipokuwa wa tatu tena Chicago mwaka 2025. Binti anayeng'ara UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, akiwa na miaka 13 ana zaidi ya muongo mmoja mbele yake. UMISSETA, ile ya sekondari, itambeba hadi kidato cha nne au cha sita, kisha kimya. Miaka inayofuata ndiyo ya kuposwa, kuzaa na kulima. Shahanga, kama mkimbiaji mwenzake Suleiman Nyambui, aliipitia miaka hiyo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, Marekani, mahali palipokuwa na makocha, viwanja na mashindano ya kila msimu. Kipaji chake kilikuwa cha Hanang. Muda wa kukikuza aliupata kwingine.

Wapo watakaosema tatizo ni mila: jamii za Wairaqw na Wabarabaig hazikuzoea kumwona mke wa mtu akikimbia barabarani na kaptula. Hoja hii ina uzito, lakini Wakenya wameshatuonyesha mipaka yake. Tegla Loroupe alikatishwa tamaa na baba yake mzazi kabla ya kushinda marathoni ya New York mwaka 1994. Wengi waliomfuata wamekimbia wakiwa na ajira katika polisi, magereza au jeshi. Binti anayeleta mshahara nyumbani hubishiwa kwa sauti ya chini.

Basi si tuna majeshi na sisi? Tunayo, na yamefanya kazi kubwa: Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025, ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Lakini nafasi hizo ni chache, na kwa kawaida humfikia mkimbiaji aliyekwisha kuonekana, si yule anayehitaji kusubiriwa. Kisha kuna uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Anayeishi kwa zawadi za mbio si mwajiriwa wa yeyote. Tumlinganishe na wanawake wa Australia wanaocheza raga ya wachezaji 13: walianza ligi yao mwaka 2018 kwa timu nne tu, wengi wakishika kazi nyingine ili waishi, na mwaka 2023 wakaingizwa kwa mara ya kwanza katika mkataba wa pamoja wa wachezaji, ukiwa na masharti ya ujauzito na malezi. Wao wana klabu inayoweza kubanwa mezani. Mkimbiaji wa Haydom ambaye hana ajira atambana nani?

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na huenda mtu akaona dawa imepatikana. Lakini fedha hizo kwa kawaida huenda kwa vikundi vya uzalishaji na hudaiwa marejesho. Binti wa miaka 19 anayejifua kwa mbio atakazozikimbia akiwa na 27 hana cha kurejesha mwaka huu, wala mwaka ujao.